Maua Kwenye Mfuko wa Koti

Siku mchimbaji alipomwona kwa mara ya kwanza, yule mama alikuwa amepiga magoti mbele ya lango la hifadhi, ameshika brashi ya kufulia, anasugua soli za viatu vya msimamizi wake. Msimamizi alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, amejishikiza kwenye nguzo ya lango, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha kuzoea.

"Na huo mwingine," mama akasema.

Msimamizi akabadilisha mguu.

Mchimbaji mwenyewe alikuwa ameitwa kufanya kibarua cha kuchimba. Alisimama kando, kofia mkononi, akingoja aulizwe, maana tangu utoto wake hakuwahi kuwa wa kwanza kufungua mdomo mbele ya mtu asiyemjua, na hata aliowajua aliwafungulia kwa shida. Shule aliishia ya msingi, na hata huko mwalimu alimaliza mwaka mzima bila kujua sauti yake.

"Huyu ndiye mchimbaji," msimamizi akasema. "Niliambiwa anachimba vizuri, ila hasemi."

"Afadhali," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Msemaji tunaye." Akamtupia jicho mlinzi wa lango, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akichokonoa meno.

"Mimi nasema kwa niaba ya wote," mlinzi akasema. "Mimea haisemi, bosi anasema kwa mwezi mara moja, wewe unagomba tu. Nikinyamaza mimi, watu watadhani hapa ni makaburini."

Mama akamwita mchimbaji kwa kidole. "Lete mguu, kaka."

Akaleta. Alisuguliwa soli zote mbili mpaka kwenye visigino, na aibu ilimpanda mpaka masikioni, kwa sababu hakuna mwanamke aliyewahi kumshika viatu tangu mama yake alipofariki. Kisha akaambiwa apindue mifuko. Kukatoka kifungo, kipande cha sabuni, maganda ya karanga na mbegu tatu nne za chungwa. Mama akaziokota zile mbegu kwa ncha za vidole kama mtu anayeokota nge.

"Hizi hazipiti hapa," akasema. "Huku juu kuna mimea iliyokuwepo kabla ya nyumba zote hizo unazoziona chini. Kila kinachotoka chini ni mgeni, na mgeni huyu hakai siku mbili akaondoka. Anakaa, anazaa, anamla mwenyeji. Basi chochote kisiingie. Na ukiwa juu, ukichuma kitu, jani, ua, mbegu, usitupe chini. Tia mfukoni, ukishuka tia kwenye shimo la kuchomea. Umesikia?"

Akatikisa kichwa.

"Nimeuliza, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Kumbe ulimi anao," mlinzi akasema, na siku ile ile akampa jina. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchimba mashimo, na kwa kuwa ukimwambia neno lilizama lisirudi, akamwita Shimo. Jina likamganda.

Mama mwenyewe waliomzunguka walimwita Mama Kitalu. Hakuwa na mtoto. Alifika pale kilimani akiwa mke kijana wa mtu aliyeajiriwa kung'oa magugu, na mumewe alipoondoka na ugonjwa wa kifua, yeye aliokota panga la marehemu na kuendelea pale pale alipoishia, kwenye mstari ule ule wa magugu. Hakuna aliyemwajiri. Siku moja tu alionekana yuko kazini, na aliyekuwa msimamizi wakati huo hakupata moyo wa kumfukuza. Baadaye wakampa kitalu: banda la nguzo lililofunikwa wavu mweusi wa kivuli, meza za mbao, viriba vya miche kwa mamia vimejazwa udongo wa majani, na bomba moja lenye mpira mrefu uliotoboka na kuzibwa kwa vitambaa.

Shimo alidhani mtu wa namna ile angekuwa anaongea na miche yake. Hakuwa. Aliwacheka wageni waliokuja kutembelea na kuinama kuyanong'onezea majani.

"Mche hauna masikio," alikuwa akisema. "Uupe maji."

Lakini kulikuwa na mmea mmoja ambao alikuwa akiupandia kilima kila siku iliyokuwa ya kazi na nyingine isiyokuwa ya kazi. Ulikuwa kule juu kabisa, kwenye paji la kilima, katikati ya mawe. Kichaka kisichofika kiunoni, majani madogo ya kijivu upande wa chini, na msimu wake ukifika, maua meupe pepe yasiyo na harufu. Kwa sura hakikuwa na la kumsimamisha mpita njia. Ila mmea wa aina ile haukujulikana kuota mahali pengine popote, na pale kilimani penyewe wenzake walikuwa wameisha, wengine kwa moto, wengine kwa mbuzi enzi ambazo uzio haukuwepo, wengine kwa ugonjwa tu. Kilibaki kile kimoja. Wakakiita Bibi.

"Bibi kaamkaje?" mlinzi alikuwa akiuliza kila asubuhi.

"Salama. Anakusalimu," Mama Kitalu alikuwa akijibu.

Bibi alichanua kila mwaka, na kila mwaka maua yalianguka bila kuacha mbegu, kwa sababu mmea wa namna ile hauzai peke yake. Unataka wa pili wa aina yake asimame karibu, nyuki watoke kwa huyu waende kwa yule. Hakukuwa na yule. Basi Mama Kitalu kila msimu alikata vijiti vichache kutoka kwa Bibi, akavipanda kwenye mchanga akivifunika kwa nailoni, akivingoja vitoe mizizi. Vingi vilioza. Kimoja kimoja kilishika, kikakaa mwaka, kikamtia moyo, kisha kikafa. Naye msimu uliofuata alikuwa akinoa kisu tena. Hicho ndicho kitu alichokitaka duniani, na hakukificha: Bibi asiondoke bila kuacha mrithi.

Kisha ukaja mwaka Bibi alipozaa.

Shimo ndiye aliyekuwa na mama siku ile. Walikuwa wamepanda na toroli la mawe ya kuzuia udongo, mama akainama kutazama kama ilivyo kawaida yake, akabaki ameinama. Pale maua yalipoanguka palikuwa na vikonyo vya kijani, vimevimba kwa mbegu. Akavigusa kimoja kimoja. Kisha akakaa chini juu ya mawe, akavua kilemba chake, akafuta nacho uso, akacheka. Shimo hakuwahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko cha msichana, chepesi, hakikufanana na magoti yale wala mikono ile.

Habari ilishuka kilima kabla yao. Msimamizi alipanda mbio na viatu vyake vya ofisini bila kusuguliwa soli, na mara hii hakugombezwa. Akasema labda kuna kichaka kingine mafichoni, kwenye magenge wasikoweza kufika, na nyuki wamekigundua. Walitafuta na kamba kila genge. Hawakuona kitu. Wakaamini kipo tu hawajakiona, na hakuna aliyetaka kuuliza zaidi.

Mlinzi tu ndiye aliyeuliza, kwa utani wake. "Bibi kazaa uzeeni, na wote tunapiga vigelegele. Hakuna hata mmoja anayetaka kujua baba ni nani?"

Walimcheka. Mama Kitalu mwenyewe alimcheka mpaka akashika mbavu.

Mbegu zikavunwa, zikakaushwa, zikapandwa. Ziliota karibu zote, jambo ambalo lilimshangaza hata mama. Miche ilikuwa na afya kuliko mche wowote aliowahi kuulea. Mvua zilipokaribia, Shimo alipewa kazi ya kuchimba mashimo kule juu, katikati ya mawe, ambapo sururu ilitoa cheche na mikono ilifanya malengelenge juu ya malengelenge. Alichimba kwa furaha. Kila shimo alilimaliza kwa viganja, akitoa vijiwe, akilainisha chini kama mtu anayetandika kitanda cha mtoto. Mama akawa anakuja nyuma yake na miche, anashindilia udongo kwa visigino.

Siku moja aliagizwa kumpelekea nyumbani gunia la udongo wa majani, kwa sababu hata vizingiti vya madirisha ya nyumba ile vilikuwa na makopo ya miche. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili ambamo Mama Kitalu alikaa na mdogo wake wa kike, mshonaji. Mdogo mtu alimpokea gunia mlangoni, sindano ikiwa midomoni.

"Wewe ndiye Shimo?"

Akatikisa kichwa.

"Mnampa nini dada yangu huko? Siku hizi anacheka mpaka usingizini. Tangu shemeji afariki sijamsikia hivi." Akaitoa sindano mdomoni. "Sikatai. Nauliza tu. Mwenye nyumba anataka vyumba vyake mwakani, na mimi nina mpango wa kuhamia kwa binti yangu, mbali. Dada haniambii kama atakuja ama atabaki. Nikimuuliza ananiambia, ngoja watoto wa Bibi wachanue kwanza."

Njia nzima ya kurudi Shimo alitembea kama mtu aliyebeba kitu cha kioo.

Kwa kuwa Bibi sasa alikuwa na watoto, mama aliacha kukata vijiti. Msimu ule hakukata, na uliofuata pia hakukata. "Mwacheni Bibi apumzike," alisema. "Tumemchuna ngozi miaka yote hii. Ameshazaa, basi." Kisu cha kukatia vijiti kikaning'inia kwenye msumari mpaka kikaota kutu.

Ile miche ya kilimani ikakua. Magoti ya mama yalikuwa yanakataa kilima asubuhi, yakikubali jua likishapanda, kwa hiyo aliyepanda kwanza kumwagilia alikuwa Shimo. Na asubuhi moja alikuta ua la kwanza.

Lilikuwa limechanua kwenye mche wa ukingoni. Akaweka ndoo chini, akachutama. Lilikuwa jeupe katikati. Pembezoni lilikuwa na rangi ya waridi, kama nguo nyeupe iliyofuliwa pamoja na kanga mpya. Na lilinukia.

Harufu ile aliijua. Kila asubuhi aliipitia. Chini ya kilima, nje ya uzio, kulikuwa na nyumba mpya zenye ua wa michongoma na maua, na maua yenyewe yalikuwa ya kununua barabarani kwa wauza miche: makubwa, ya waridi iliyokolea, yenye harufu inayokufuata mpaka kona ya pili. Watu waliyapenda kwa sababu hayafi. Alikuwa amewahi kumsikia msimamizi akisema kwamba maua yale ni ndugu wa mbali wa Bibi, kutoka nchi nyingine. Akageuka akatazama chini. Kwa macho, kutoka pale alipochutama mpaka kwenye nyua zile hapakuwa mbali. Kwa nyuki hapakuwa mbali kabisa.

Alielewa baba ni nani. Kwa kila kitu alichokuwa mzito, kwa hili hakuwa mzito. Mashimo yote aliyoyatandika, alikuwa amewatandikia wageni.

Alikaa pale mpaka aliposikia mlinzi akipiga mbinja getini, dalili kwamba mama amefika. Akanyoosha mkono, akalichuma lile ua. Hakulitupa chini, maana alikuwa amekatazwa. Akalitia mfukoni.

Alijiambia atasema kesho. Kesho kulichanua mawili. Alijiambia labda maua ya kwanza ya mche huwa na kasoro, na yajayo yatakuwa meupe. Hayakuwa meupe. Akawa anapanda mapema zaidi, anapita mche kwa mche, anachuma kila tumba lililoanza kufunguka. Wakati mwingine alikumbuka kuyachoma, wakati mwingine alisahau.

"Bado tu hawajachanua?" mama alikuwa akiuliza, akiwa amemaliza kupanda, anahema, ameshika kiuno.

"Bado, mama."

Neno moja. Mtu asiyezoea kusema hana haja ya maneno mengi ili adanganye.

Nyumbani hakuwa na wa kumwambia. Alikaa chumba kimoja na baba yake, na baba yake alikuwa kiziwi. Mtu ambaye kazini hakusikika, nyumbani alilazimika kupiga kelele kuuliza kama chai imetosha sukari, na jirani wa upande wa pili wa ukuta ndiye aliyekuwa akijibu. Siri haipigiwi kelele. Akajikaza, akaimeza.

Kibaya zaidi ni kwamba mama alianza kujilaumu. Aliikagua ile miche, akaona imenenepa, majani yanang'aa, na haichanui.

"Ni mimi," akamwambia Shimo siku moja, wamekaa kwenye kivuli cha jabali. "Nimeshindilia mbolea kama mjinga. Mmea ukishiba kupita kiasi unalala. Mume wangu alikuwa akiniambia, wewe mkono wako haujui kuacha."

Shimo alikuwa na maua matatu mfukoni wakati anaambiwa maneno hayo. Alifungua mdomo. Kweli alifungua. Kikatoka kikohozi.

"Pole," mama akasema. "Jua kali hili. Kunywa maji."

Na wakati wote huo, wote wawili wakiwa wameelekeza macho kwenye miche, kila mmoja kwa sababu yake, hakuna aliyemtazama Bibi sawasawa. Majani yake yalikuwa yamepoteza mng'ao. Mlinzi, aliyepanda siku moja kupeleka ujumbe, ndiye aliyesema kwamba Bibi siku hizi anaonekana kama mtu aliyelala vibaya. Mama akasema ni kiangazi tu.

Jambo lilijulikana kwa sababu ya ufuaji. Kila mwisho wa juma Mama Kitalu alikusanya makoti ya kazi ya wote, akayafua kwenye pipa lililokatwa nusu, kwa maji ya moto, ili mbegu zilizonasa zisirudi kilimani. Siku zote Shimo alipindua mifuko yake mwenyewe kabla ya kulitoa koti. Siku ile jirani alimfuata mbio kazini akamwambia baba yake ameanguka kisimani. Alilitundika koti kwenye msumari akakimbia.

Baba alikuwa ameteguka mguu tu. Shimo aliporudi kazini asubuhi iliyofuata, makoti yalikuwa kwenye kamba yanachuruzika, na la kwake lilikuwa la mwisho. Mifuko ilikuwa imepinduliwa nje, inaning'inia kama ndimi. Juu ya jiwe la kufulia, maua yalikuwa yamepangwa kwa mstari. Yalikuwa yamelowa na kukunjamana, lakini rangi ya waridi pembezoni ilikuwa imebaki.

Mama alikuwa anakamua koti la mlinzi. Hakuacha kulikamua.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu la kwanza."

"Yote yako hivi?"

"Yote, mama."

Akalitundika lile koti, akabana vibanio viwili, akalivuta likanyooka. "Kwa nini hukuniambia?"

Alijaribu kutafuta neno zuri, hakulipata, akatoa lililokuwepo. "Ulikuwa unacheka."

Mama alimtazama. Hakuwa na hasira usoni. Shimo angeshukuru kwa hasira. Kisha kitu kikamjia akilini yule mama, kilionekana kikija, na mikono yake ikaanguka pembeni.

"Bibi," akasema. "Misimu miwili sijakata."

Aliingia kitaluni, akatoka na kile kisu chenye kutu, akaanza kupanda kilima na jua lilikuwa bado halijayafungua magoti yake. Shimo alimfuata nyuma. Mara mbili mama alijikwaa, mara mbili Shimo alinyoosha mkono kumshika, na mara zote mbili mama alijishika mwenyewe kwenye mawe.

Chini ya shina la Bibi kulikuwa na unga laini wa mbao, kama uliochekechwa. Mdudu wa kutoboa shina. Alikuwa ameingia siku nyingi, na ndani alikuwa ameshamaliza kazi yake. Mama akakata tawi la juu: kahawia. Akashuka chini zaidi, akakata: kahawia, kavu, likivunjika kwa mlio. Akakata tena na tena, akishuka, mpaka alipokaribia ardhi, na pale upande mmoja wa shina kulikuwa na utepe mwembamba wa kijani chini ya gamba. Akachukua alichoweza kuchukua. Vilikuwa vijiti vichache, vya kujaa kiganja kimoja.

Alivipanda kwenye mchanga aliouchemsha kwanza, akavifunika, akawa anavinyunyizia maji kama ukungu, asubuhi, mchana na jioni. Hakwenda nyumbani ila kulala. Mdogo wake alikuja getini na chakula kwenye bakuli, akabaki amesimama.

"Dada, utakula saa ngapi?"

"Weka hapo, mdogo wangu."

"Nimekuwa nikiweka hapo tangu juzi. Mlinzi ndiye anayenenepa."

"Nakula kwa ajili ya kuokoa chakula," mlinzi akasema, lakini utani ulimtoka bila nguvu, na hakuurudia.

Katika siku zile Mama Kitalu alibadilika kwa jambo moja tu. Hakumgombeza Shimo, hakumnunia, bado alimwita kaka. Ila hakumuuliza kitu tena. Akitaka kujua kama kule juu pamenyesha, alimtuma mlinzi apande atazame, mlinzi mwenye tumbo na pumu, hali Shimo ametoka huko huko na amesimama pale pale na ndoo mkononi. Jibu la Shimo halikuwa na kazi kwake tena. Hilo ndilo lililomkata maini kuliko chochote ambacho angeambiwa.

Vijiti vikaanza kuwa vyeusi kutoka chini. Kimoja, kisha vingine. Cha mwisho kilikaa kijani kwa muda mrefu, na hata kikatoa chipukizi dogo kwenye jicho lake, kitu cha ukubwa wa punje ya mtama. Msimamizi alikuja kukitazama kwa miwani yake, akatoka akatembea kwa vidole kama mtu aliyetoka chumba cha mgonjwa. Asubuhi iliyofuata mama alikivuta kidogo kwa vidole viwili. Kikatoka chote. Huko chini hakikuwa na mzizi hata mmoja. Kilikuwa kimeishi kwa akiba ya ndani yake.

Msimamizi alikalia ndoo iliyofudikizwa, viwiko magotini.

"Mama," akasema, "ile miche ya kule juu ni nusu Bibi. Nusu si afadhali kuliko kukosa kabisa?"

"Wadogo zake wako bondeni," mama akajibu. Alikuwa anasema kuhusu mmea mwingine wa kilima kile, wenye maua ya njano, ndugu wa Bibi wa karibu. "Hao bado ni wazima. Tukiacha hawa, nyuki watawafikia na wao. Mwaka mmoja, miwili, hatutakuwa na nusu wala robo. Tutakuwa na bustani ya watu wa chini."

"Wakubwa wameniambia hivyo hivyo," msimamizi akasema polepole. "Nilikuwa natafuta tu wa kunikatalia."

Basi wakang'oa. Mama alisema ataifanya kazi hiyo mwenyewe, lakini miche ilikuwa imeshika ardhi barabara na mikono yake haikuweza, kwa hiyo Shimo alipanda na sururu. Hakuhitaji kuonyeshwa palipo shimo. Yote aliyajua. Aliyafungua moja baada ya jingine, na mizizi ilitoka minene, myeupe, imejaa, mizizi ya mmea ambao ungeishi miaka. Mama aliipokea, akaipangusa udongo kwa kiganja kwa mazoea ya miaka mingi, kisha akaitupa kwenye toroli. Walimpitia Bibi, aliyekuwa amebaki kisiki, wakaendelea. Toroli la mwisho lilipofika shimo la kuchomea, moto ulikataa kushika, maana miche ilikuwa mibichi sana. Ilitoa moshi tu, na moshi ulinukia ile harufu ya nyua za chini.

Nyumba ya vyumba viwili ilirudishwa kwa mwenyewe. Mdogo mtu alifunga cherehani yake kwenye blanketi. Makopo ya madirishani yaligawiwa majirani, wakapanda vitunguu.

Siku mama aliyokuja kuaga, alimkabidhi msimamizi ufunguo wa kitalu. Akamwachia mlinzi brashi ya kusugulia soli. Mlinzi aliipokea kwa mikono miwili.

"Sasa nani atanigombeza?" akauliza.

"Utajigombeza," mama akasema. "Unayo maneno ya kutosha."

Shimo alikuwa kitaluni. Alikuwa amemsikia akija, na kwa kuwa hakujua asimame vipi wala aweke wapi mikono yake, alikuwa amefungua bomba na kuanza kumwagilia. Meza iliyokuwa mbele yake ilikuwa ile ya watoto wa Bibi, na viriba vyao vilikuwa bado vimepangwa juu yake, vimejaa udongo, havina kitu. Maji yalijaa kwenye kimoja, yakafurika, yakachuruzika hadi kwenye viatu vyake, naye akahamia kingine. Alikuwa na maneno safari hii. Alikuwa ameyaandaa kwa siku nyingi, akiyasema njiani kwa sauti, akiyasema hata kwa baba yake ambaye hakuyasikia. Mama alisimama kwenye uwazi wa wavu, mkoba begani, akamtazama yeye na ule mpira. Shimo akageuka, akafungua mdomo, na maneno yote yakazama kama siku zote.

Mama akangoja. Alingoja kwa haki kabisa, muda ambao ungemtosha mtu yeyote mwingine. Kisha akaurekebisha mkoba begani.

"Funga bomba, kaka," akasema. "Unamwagilia udongo."